Kulima kwenda juu pale ulipopanga: gunia, ukuta na maji ya mgao Mbeya

Gunia langu la kwanza la mboga, yaani unalijaza udongo unapanda juu na kwenye matundu ya pembeni, lilikufa kwa kiu huku miguu yake iko kwenye tope. Sitanii. Mistari ya juu chainizi zilinyauka zikawa kama tumbaku, mistari ya chini mizizi ikaoza mpaka ikanuka, na mimi kila asubuhi namwaga lita kumi najiona mkulima. Nilikuwa nimejaza udongo tu kama mtu anayejaza mchanga wa kujengea, hamna mawe katikati hamna nini, maji yakawa yanapita pembeni yanakusanyika chini basi. Kwahiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyekosea kwanza, sijasomea kilimo, nimepanga tu hapa Ilomba na nilichoka kununua mboga kila jioni wakati kuna ukuta mzima wa jirani unapigwa jua bure.

Uwanja wetu tuko familia tano, sehemu ambayo hamna mtu anayeanika nguo wala kulaza bodaboda ni hatua tatu kwa mbili, na nadhani wengi mko hivohivo, uwe Sae, Mafiati, Isanga au huko Kihesa kwa ndugu zetu wa Iringa. Mji unajaa aisee. Sensa ya 2012 Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279, ya 2022 ikatoa 541,603, yaani ndani ya miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya laki moja na nusu na kila mmoja anataka chumba, na hicho chumba kinajengwa pale pale palipokuwa na migomba ya bibi. Mtu anauza nusu ya kiwanja, nusu iliyobaki anapiga vyumba vya kupangisha, bustani inaondoka hivyo. Ardhi ya kulala chini imeisha, iliyobaki ni ya kusimama.

Wenzetu huko nje hii kitu wameibeba kwa ukubwa. Kulikuwa na profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, Dickson Despommier, alianza mwaka 1999 na wanafunzi wake kupigia hesabu maghorofa yanayolima mboga ndani, taa badala ya jua, maji badala ya udongo. Wazo likapendwa sana, pesa zikamwagwa, na baadaye umeme ukawatoa jasho, kampuni kubwa ya Marekani ya AeroFarms mwezi Juni 2023 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wakati huohuo Singapore, nchi ambayo karibu haina shamba, kuna jamaa wa Sky Greens tangu 2012 walisimamisha minara ya mboga ya mita tisa inayozunguka taratibu kwa nguvu ya maji ili kila trei ipate zamu yake ya jua. Jua la kweli sio la balbu. Mi nilipoona hiyo ndo nikaelewa somo letu liko wapi, sisi jua tunalo, tena la karibu na ikweta kama wao, hatuhitaji kulinunua kwa LUKU.

Ukitaka kujua kwanini naiogopa taa piga hesabu hii mwenyewe: taa ya wati 100 ambayo inatosha kieneo cha nusu mita ya mraba hivi, ukiiwasha saa 16 kwa siku inakula uniti 1.6, mwezi uniti 48. Kwa saladi kumi na tano. Haya.

Sasa tuingie kazini, na kitu cha kwanza sio gunia, ni ukuta gani. Hapa watu wanakosea sana, wanaweka gunia pale penye nafasi halafu linapigwa na kivuli kuanzia saa nane. Mbeya tuko kusini ya ikweta, nyuzi 9 kasoro kidogo, kwahiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, na Juni na Julai limelala kabisa upande huo. Ukuta unaotazama kusini miezi ya baridi unaganda na kivuli siku nzima. Kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwishoni mwa Februari ndo jua linahamia kusini kidogo, ila kipindi hicho liko karibu utosini kwahiyo halisumbui. Kwa sisi wa mjini kati hauhitaji dira, mlima Loleza uko kaskazini, ukuta unaoutazama Loleza ndo ukuta wako. Kama huna huo tafuta unaotazama mashariki upate jua la asubuhi. Kaa siku moja ya Jumapili uhesabu, ukipata saa tano sita za jua unalima chochote cha majani, ukipata saa tatu utalima ila usilalamike, chini ya hapo panda giligilani na vitunguu vya majani uachane na mengine.

Na usiegeshe gunia likagusa ukuta. Nyumba zetu nyingi ni tofali za kuchoma, maji yakinyonywa plasta inavimba na mama mwenye nyumba hatokuelewa hata ukimpelekea mboga, acha nafasi ya shubiri moja au mbili. Tena muombe ruhusa mapema, mi nilimwambia "mama naomba niweke maua ya kuliwa" akacheka akakubali, kila Jumamosi anapata fungu lake. Kwa wa ghorofani au wenye kibaraza cha zege kilichoning'inia, gunia kubwa likiloa linakaribia kilo 150, usipandishe huko, tumia vyombo vidogo ntavyovisema mbele.

Gunia lenyewe. Vile viroba vyeupe vya kusukwa vya mchele au unga, wengine wanaita salfeti, ndo vinafaa na vinapatikana Sido au Mwanjelwa kwa wanaouza nafaka. Kilichobeba mbolea kioshe kwanza, kilichobeba dawa za shamba usikiguse kabisa. Jua linavila, kiroba kimoja kinaanza kupukutika kama majani makavu kabla mwaka haujaisha, kwahiyo mi navaa viwili, kimoja ndani ya kingine. Ukipata lile gunia kubwa la kilo 100 ni bora zaidi.

Mchanganyiko wangu ni ndoo mbili za udongo, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina harufu, ndoo moja ya yale maganda ya mpunga yanayotupwa mashineni. Maganda yanafanya udongo usishikane na uzito unapungua. Watu wa Iringa na Mafinga mna maranda ya mbao mengi, yanafaa pia ila yawe yamekaa nje yakaoza miezi kadhaa, maranda mapya yanaila mbolea kabla mmea haujaila na utaona majani yanageuka njano unadhani ni ugonjwa. Samadi ya kuku ina moto, weka nusu ya kipimo na iwe ya zamani. Ukipata yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Rungwe, yale ukiyashika unaona kama umeshika mkate, changanya na hayo, yanashika maji bila kuleta tope.

Sasa mawe ya katikati, hapa ndo nilipofia mimi mara ya kwanza so soma taratibu. Chukua kopo kubwa au dumu la lita 5 la mafuta ya kula, likate kitako na shingo libaki bomba. Simamisha gunia juu ya tofali tatu, kunja mdomo wake nje kama unavyokunja soksi, weka udongo kidogo chini, halafu simamisha lile kopo katikati kabisa. Ndani ya kopo jaza kokoto za saizi ya ngumi ya mtoto, nje ya kopo jaza udongo usawa huohuo, kisha vuta kopo juu taratibu huku mawe yanabaki. Jaza tena mawe, jaza tena udongo, vuta tena, hivohivo mpaka juu. Ukimaliza una nguzo ya mawe toka chini mpaka juu imezungukwa na udongo, na ukimwaga maji pale katikati yanashuka yanagawanyika pembeni kwa kila mstari. Bila hiyo nguzo hauna bustani una kaburi. Chini kabisa toboa matundu manne matano ya msumari maji ya ziada yatoke, masika utanishukuru.

Halafu USITOBOE PEMBENI BADO. Najua una hamu. Mwagilia siku nne tano uache udongo ushuke, utashuka kama shubiri nzima, unaongezea juu. Mimi gunia la pili nilitoboa siku ileile nikapanda, udongo uliposhuka miche ikabaki inaning'inia kwenye matundu, mizizi imeshikiliwa na hewa.

Ukishatulia, kata kwa kisu kikali alama ya msalaba, tundu la vidole viwili tu. Kutoka tundu hadi tundu sentimita 20, mstari hadi mstari sentimita 20, na mstari wa pili matundu yakae katikati ya yale ya mstari wa kwanza ili jani la juu lisimfunike wa chini. Gunia likijaa lina upana wa sentimita 45 hivi, ukilizunguka ni kama mita 1.4, yanaingia matundu 7 kwa mstari, mistari 4 ni 28, juu unapanda 5, jumla miche 33. Miche 33 ya chainizi ukiipanda chini kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 30 inataka karibu mita tatu za mraba, hapa umetumia eneo la stuli ya jikoni. Hesabu yote ya kulima kwenda juu ni hiyo tu, mengine mbwembwe.

Miche usinunue ovyo, otesha mwenyewe kwenye trei ya mayai, mbegu mbili kwa kila kishimo, wiki tatu chainizi inakuwa tayari, sukuma wiki inataka nne mpaka sita kwa baridi yetu. Hamisha jioni jua likishalegea. Ingiza kidole kwenye tundu ukielekeza chini, ingiza mzizi bila kuukunja, bana udongo na kidole, kisha pachika kipande cha jani la mgomba au nyasi mdomoni mwa tundu udongo usimwagike. Juu katikati usipande kitu, hapo ndo mdomo wa kunywea maji.

Nini kipande wapi ni swala la akili. Juu pana jua na nafasi, weka sukuma wiki maana inakaa miezi na inarefuka, au nyanya moja ukitaka kujaribu bahati. Pembeni chainizi, figiri, spinachi, saladi. Mistari ya chini inayopata unyevu zaidi na jua kidogo weka giligilani au mnavu. Stroberi zinapenda sana hali ya hewa ya huku nyanda za juu na zinavyoning'inia pembeni ni raha kuziangalia, tatizo watoto wa uwanja mzima wanaziivisha kwa macho, hautoila hata moja. Mchicha Juni na Julai usisumbuke nao, usiku nyuzi zinashuka mpaka 5 hivi na mchicha ni mtoto wa joto, unasimama tu unakuangalia. Chainizi na sukuma kwenye baridi hiyo ndo zinanoga. Bamia sahau, hiyo waachie Kyela kwenye joto.

Na tuambiane ukweli, hii haikupi ugali. Mahindi hayapandwi kwenye gunia ukashiba, mpunga ndo kabisa, chakula cha kujaza tumbo kitaendelea kutoka mashambani Mbozi na Usangu. Mtu anayekuambia kilimo cha ukutani kitalisha jiji zima anakuuzia kitu. Inacholisha ni majani, na majani ndo yanayonunuliwa kila siku na ndo yanayonyauka njiani. Magunia manne kwangu, watu watano, tunachuma mara tatu kwa wiki, hiyo ndo kipimo nilichonacho.

Maji sasa. Gunia moja linataka lita 5 mpaka 7 kwa siku kipindi cha kiangazi, na Agosti hadi Oktoba upepo ule wa vumbi ukianza gawa mara mbili, asubuhi mapema na jioni. Nusu mwaga kwenye mawe, nusu juu ya udongo taratibu. Kabla ya kumwaga ingiza kidole tundu la juu na tundu la chini, chini pakiwa pameloa chapachapa na juu pakavu punguza ya kwenye mawe ongeza ya juu. Siku za mgao maji ya kuoshea mchele, maharage na mboga yote yanaenda kwenye gunia, sisi tuna ndoo yake kabisa jikoni. Maji ya sabuni ya kufulia hapana. Ukisafiri, chupa ya lita moja na nusu itoboe mfuniko kwa sindano ya moto, ichomeke kichwa chini juu ya gunia, inadondosha siku nzima, weka tatu na umuachie jirani kazi ya kujaza tu. Masika, Novemba mpaka Aprili, kazi inageuka unalikinga gunia na mvua, funika juu na kipande cha nailoni kilichoinuliwa, la sivyo mbolea yote inasombwa na majani yanaoza kuanzia pembeni. Ndo maana mi gunia jipya naliandaa mwezi wa nne mvua zinapoaga, linaingia kiangazi likiwa na nguvu.

Wadudu. Adui namba moja sio mdudu ni kuku wa jirani, mistari miwili ya chini atakumalizia asubuhi moja, zungushia wavu au kipande cha chandarua cha zamani usigombane na watu. Baada ya kuku ni vidukari, vile vidogo vinavyojazana chini ya jani kwenye kiangazi, ukiona sisimizi wanapanda gunia kwa foleni ujue vipo. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, pulizia jioni chini ya majani, rudia baada ya siku tatu nne. Wazee wa huku wanatumia utupa, unatwanga majani unaloweka usiku kucha unachuja unapulizia, inafanya kazi kwa viwavi ila ule mti ni sumu ya samaki kwahiyo mabaki usimwage mtoni, na ukipulizia subiri siku kadhaa kabla ya kuchuma na uoshe vizuri. Dawa za dukani kwenye gunia lililo mita mbili toka mlango wa jikoni mi siweki.

Mbolea ya kuongeza, loweka samadi kwenye ndoo siku saba, ikorogwe kila siku, kisha kikombe kimoja cha maji yake kwenye vikombe kumi vya maji safi, unamwaga kwenye mawe kila wiki mbili. Inanuka kwelikweli, fanya wakati majirani wameenda kazini.

Kwa wasioweza magunia, chukua madumu ya lita 20 yaliyopasuka, yakate ubavu mmoja yawe kama mtumbwi, toboa chini, yapange kwenye ngazi ya mirunda kama viti vya uwanja wa mpira, kila ngazi irudi nyuma kidogo na iachane na ya juu sentimita 40. Usiyapange moja juu ya jingine wima kama kabati, ya chini hayataona jua. Dumu lililobeba oili ya gari au dawa, liache. Hii inafaa vibaraza maana kila dumu ni uzito wa kubebeka, na ukihama unahama nayo kwenye guta.

Naulizwa sana kuhusu haidroponiki, yale mabomba meupe ya PVC ya inchi 4 yenye matundu na pampu. Inafanya kazi, nimeona watu wanafanya vizuri. Ila maji yale ndo chakula chote, lazima upime uchachu ukae kati ya 5.5 na 6.5, chumvi zenyewe zina masharti, ile ya kalisiamu haichanganywi na chumvi za salfeti (za salfa, sio vile viroba) zikiwa kali kwenye chombo kimoja zinaganda kama chokaa, na umeme ukikatika mchana wa jua mizizi iliyoko kwenye bomba haina akiba, saa chache tu saladi zimelala. Gunia umeme haulijui. Kama roho inakusukuma anza na ile isiyo na pampu, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko isiyopitisha mwanga, toboa mfuniko matundu matatu manne, jaza maji yenye virutubisho mpaka yaguse mizizi ya saladi, mmea unakunywa maji yanashuka na mizizi inapata hewa hapo juu, haujazi tena mpaka unavuna. Lakini kaa na gunia miezi mitatu kwanza, asiyeweza kukumbuka kumwagilia gunia pampu haitomsaidia.

Gunia likichoka, utaona majani yanakuwa madogo na chainizi inakimbilia kutoa maua, limwage lote juu ya turubai. Mizizi itoe, udongo uanike jua siku mbili tatu, changanya na ndoo mpya ya samadi kwa kila ndoo tatu, na safari hii panda jamii nyingine, kama lilikuwa la chainizi na sukuma weka vitunguu au maharage machanga, ugonjwa wa kuoza wa jamii ya kabichi unakaa kwenye udongo unakusubiri. Kokoto zioshe uzirudishe. Kiroba kilichopukutika usikiache uwanjani, zile nyuzi kuku wanazimeza.